Mwongozo wa Kuvalisha Dari na Kushona Upya Viti vya Gari la Zamani

Maswali ya wanaoianza kazi hii hayabadiliki: je, cherehani ya nyumbani inafaa, je, ni lazima kioo cha mbele kitolewe, ni gundi gani isiyoachia, na kwa nini dari iliyonyooka jioni huamka asubuhi ikiwa na mikunjo. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye gari la zamani ambalo injini na bodi yake viko sawa, lakini ndani kitambaa cha dari kinaning'inia na viti vimefumuka mishono. Kazi hii inafanyika nyumbani, hata na mtu ambaye hajawahi kuvalisha kiti maishani mwake, mradi akubali jambo moja tangu mwanzo: kitambaa kikuukuu anachotamani kukitupa ndicho kipimo chake cha kuaminika, na kila kipande chake kitahitajika mpaka kiti cha mwisho kirudishwe garini.

Anza na dari, kisha viti. Dari inataka nafasi ya kujinyoosha ndani ya gari, inadondosha gundi, na inamwaga vumbi la miaka mingi. Viti vipya vikiwa tayari vimo ndani, vitaharibika kabla hujavikalia.

Tambua aina ya dari yako

Magari ya zamani yana dari za namna mbili kuu. Ya kwanza ni dari ya fito. Hapa kitambaa au ngozi bandia hushonewa pindo nyembamba kwa upande wa juu, ndani ya pindo hizo hupitishwa fito za chuma zilizopinda, na ncha za fito hukaa katika matundu yaliyo kwenye kingo za paa, kushoto na kulia. Ndiyo iliyomo katika Volkswagen Beetle, Mini ya awali na Ford Mustang ya mwaka 1965. Ya pili ni dari ya ubao, yaani ubao mwepesi uliofinyangwa kwa umbo la paa na kubandikwa kitambaa chenye sponji nyembamba mgongoni. Hii ilienea zaidi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Tofauti hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Dari ya fito hushonwa, ikavutwa, ndipo ikagundishwa kingo zake tu. Dari ya ubao haishonwi kabisa, hubandikwa yote. Ukinunua vitambaa kabla ya kujua una ipi, utanunua visivyofaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa kazi yote:

- bisibisi, spana, koleo, na kipande bapa cha plastiki cha kubandulia klipu bila kukwaruza rangi;
- mkasi mkali wa nguo usiokata kitu kingine chochote, na kisu cha wembe unaobadilishwa;
- kifaa cha kufumulia mishono, chaki, utepe wa kupimia, na karatasi ngumu ya kuchorea violezo;
- mifuko midogo ya kuwekea skrubu, kalamu ya wino usiofutika, na simu ya kupigia picha;
- glavu, miwani ya kinga, na barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, kwa kuwa ile ya vumbi peke yake haizuii mvuke wa gundi.

Kwa dari: vibanio vya chuma vya karatasi vingi kadiri utakavyopata, brashi, msasa, rangi ya kuzuia kutu, na mashine ya kupuliza hewa ya moto au drai ya nywele.

Kwa viti: pete za waya za kufungia kava pamoja na koleo lake maalumu, gunia au kitambaa kingine kigumu cha kufunika springi, sponji, na pasi ya mvuke.

Vitu vinne vinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyowaponza wengi.

Gundi. Paa la chuma lililoachwa juani linaweza kufikia nyuzi 70 za Selsiasi na zaidi, na joto hilo hulainisha gundi za kawaida za makopo ya kupuliza, kitambaa kikaanguka. Tafuta gundi inayopakwa kwenye pande zote mbili zinazobandikwa, ambayo kopo lake linasema wazi kwamba inastahimili joto na imekusudiwa dari za magari. Gundi nyeupe ya mbao haifai.

Uzi. Usitumie uzi wa pamba, kwa maana jua na jasho huuozesha. Tumia uzi wa poliesta wa unene wa Tex 70, ambao ndio wa kawaida kwa viti vya magari, pamoja na sindano ya ukubwa wa 110/18 au iliyo karibu na huo. Kwa ngozi halisi nunua sindano yenye ncha ya kukata. Kwa ngozi bandia na vitambaa ncha ya duara yatosha.

Cherehani. Cherehani ya nyumbani iliyo imara huweza kushona dari ya fito, kwa kuwa kitambaa chake ni chembamba. Viti ni habari nyingine, hasa pale mishono inapokutana na paipingi, yaani kamba nyembamba iliyofunikwa kitambaa na kushonwa kwenye kingo, ikapita katikati. Chukua mabaki ya ngozi bandia, yakunje yawe tabaka nne, weka na paipingi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Ikiwa sindano inapinda au gurudumu linakwama, usilazimishe. Unachohitaji ni cherehani ya kazi nzito ambayo mguu wake wa kukandamizia hutembea pamoja na kitambaa, la sivyo tabaka la juu litabaki nyuma na vipande havitalingana mwishoni. Asiye nayo asikate tamaa: apime, akate na kutia alama mwenyewe, kisha ampelekee fundi wa viti vipande vilivyo tayari ili amshonee tu. Kazi inayoamua umbo la kiti ni ile ya kukata.

Kitambaa. Nunua kilichotengenezwa kwa ajili ya magari. Kanuni ya Marekani iitwayo FMVSS 302, iliyoanza kutumika mwaka 1972, inataka vifaa vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kitambaa cha pazia au cha sofa hakijapimwa kwa kigezo hicho, nacho kwa kawaida hupauka upesi juani. Kwa dari ya ubao, agiza kitambaa ambacho tayari kimebandikwa sponji ya milimita 3 hivi mgongoni. Kitambaa kisicho na sponji kitaonyesha kila kovu la ubao.

Tahadhari

Toa waya wa betri kabla ya kugusa taa ya ndani au kufungua kopo la gundi, kwa kuwa mvuke wa gundi hushika moto kwa cheche ndogo tu. Fungua milango yote, na usivute sigara wala kuwasha jiko karibu. Baadhi ya magari ya kale yaliwekewa vizuizi vya joto vyenye asbesto. Ukikuta tabaka la nyuzinyuzi lisilojulikana chini ya dari, usilikwangue likiwa kavu, liache mpaka mtaalamu alipime. Na kama gari lako si la zamani sana, likawa na mifuko ya hewa katika viti au kingo za paa, usiguse sehemu hizo bila fundi wa umeme wa magari.

Dari ya fito, hatua kwa hatua

1. Piga picha kila pembe ya dari kabla ya kutoa chochote, kisha toa vikinga jua, taa, kioo cha kutazamia nyuma, vishikio na mapambo ya kingo za milango. Skrubu za kila kifaa ziingie katika mfuko wake wenye jina.

2. Chunguza mahali ambapo kitambaa kinaishia mbele na nyuma. Katika magari mengi ya aina hii kimegundishwa kwenye ukingo wa bodi, kikafunikwa na mpira wa kioo. Ikiwa ndivyo, kioo cha mbele na cha nyuma havina budi kutolewa. Wengi hujaribu kukichomeka kitambaa chini ya mpira bila kutoa kioo. Ukingo hushikika nusu, ukaachia joto linapopanda, na maji ya mvua yakapata njia. Kama hujawahi kutoa kioo, mlipe fundi kwa sehemu hiyo peke yake.

3. Bandua kingo polepole, ukianzia pande, kisha mbele na nyuma. Kitambaa kikianza kuchanika, kipashe moto gundi ilainike.

4. Shusha fito moja moja, na kila moja uitie namba kuanzia mbele, pamoja na herufi ya kushoto na ya kulia. Usidharau hatua hii. Fito hazina urefu wala mpindo mmoja, na tofauti ya sentimita moja haionekani zikiwa zimelazwa sakafuni. Tazama pia tundu ambalo kila ncha imekaa, kwani magari mengi yana matundu mawili au matatu yaliyopangana, na kosa la tundu moja hubadilisha mkazo wa dari nzima. Lizungushie kwa kalamu kabla hujalisahau.

5. Tazama dari kuukuu kwa chini. Mara nyingi utaona mistari ya rangi ya machungwa ikikatiza kitambaa toka upande hadi upande. Hiyo ni kutu ya fito iliyopenya. Piga msasa kila ufito mpaka chuma king'ae, upake rangi ya kuzuia kutu, uache ukauke kabisa. Fanya vivyo hivyo kwa kutu yoyote iliyo ndani ya paa, kwa maana hutapaona tena pahala hapo kwa miaka mingi.

6. Kabla ya kufumua dari kuukuu, chora mstari wa katikati toka mbele hadi nyuma, na weka vikato, yaani alama fupi za kulinganishia, vinavyovuka kila mshono kila baada ya sentimita 10. Ndipo ufumue. Laza vipande juu ya kitambaa kipya vyote vikielekea upande mmoja, chora, uhamishe alama zote, kisha ongeza sentimita 5 hadi 8 kwenye kingo za nje. Kwenye mishono ya kati usiongeze kitu zaidi ya nafasi ya mshono iliyokuwapo, kwa sababu hapo ndipo umbali baina ya fito unapoamuliwa.

7. Shona vipande pamoja na pindo za fito kwa mshono mmoja, ukilinganisha vikato. Kila pindo liishie sentimita kadhaa kabla ya ukingo wa kitambaa, ili ncha za ufito zibaki wazi.

8. Kiache kitambaa mahali penye joto mpaka kilainike, pitisha fito, kisha zitundike ukianzia nyuma kwenda mbele. Ufito wa nyuma kwa kawaida hushikwa na ndoano au waya unaouzuia usivutwe mbele, nao ndio nanga ya dari yote. Ukisahau kuufunga, kila utakachokivuta baadaye kitalegea tena.

9. Sasa inakuja sehemu inayotaka subira. Linganisha mstari wa katikati na alama ya katikati ya bodi mbele na nyuma, ubane kwa kibanio kimoja kila upande. Vuta mbele na nyuma kwanza, kutoka katikati kuelekea pembeni, ukibana kila baada ya upana wa viganja viwili. Kisha nenda pande: vuta hasa mahali penye mshono, ukifuata mstari wa ufito, ubane, ndipo urudi kwenye nafasi za kati kuondoa mikunjo midogo. Anayeanza kwa kuvuta katikati ya fito mbili huupinda mshono, na mshono uliopinda haufichiki. Ukiona mkunjo unaoanzia ncha ya ufito, mara nyingi pindo ni refu mno. Likate kidogo kidogo, nusu sentimita kwa mara moja, uvute tena utazame.

10. Iache dari ikiwa imebanwa usiku mzima, gari likiwa mahali penye joto. Kesho yake kitambaa kitakuwa kimelegea, nalo ndilo jibu la swali la mikunjo ya asubuhi. Kivute tena, ubane upya. Hapo tu ndipo ufungue gundi.

11. Gundisha kwa mafungu ya sentimita 30 hivi: toa vibanio viwili vitatu, paka bodi na mgongo wa kitambaa, subiri mpaka gundi isinate kwenye kifundo cha kidole ukiigusa, vuta, bandika, rudisha vibanio. Kwenye nguzo na pembe za madirisha kitambaa hukatwa mikato midogo ili kigeuke; mkato usifike kamwe kwenye mstari utakaoonekana, uishie sentimita moja kabla yake.

12. Kata ziada siku inayofuata, si kabla. Tafuta tundu la taa kwa kupapasa, kata alama ya msalaba ndogo kuliko unavyodhani inatakiwa, kisha rudisha vifaa. Matundu ya vikinga jua yatoboe kwa msumari mwembamba kwanza, uhakikishe umelipata tundu la skrubu, ndipo uyapanue.

Dari ya ubao

Kazi hii ni fupi zaidi. Hata hivyo wengi hujaribu kuifupisha tena kwa kudunga pini au kuingiza gundi chini ya kitambaa kinachoning'inia. Haisaidii. Sponji iliyo mgongoni imekuwa unga. Gundi mpya hushika unga, na unga haukushika ubao.

1. Shusha ubao mkiwa wawili. Ubao wa miaka 40 huvunjika ukikunjwa, kwa hiyo laza viti vya mbele kabisa, au vitoe, mpitishe ubao kwenye mlango mkubwa kuliko yote bila kuulazimisha.

2. Bandua kitambaa, kisha sugua masalia ya sponji kwa brashi isiyo kali mpaka ubao usiache rangi kwenye kiganja. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kushindwa. Vumbi lolote litakalobaki ndilo litakaloachia mwakani.

3. Ziba nyufa kwa ukanda wa nguo na gundi upande wa juu, yaani ule usioonekana. Pembe zilizomomonyoka ziimarishe vivyo hivyo.

4. Laza kitambaa kipya juu ya ubao bila gundi, kikiwa kimezidi kila upande kwa sentimita 5. Kunja nusu yake nyuma, puliza gundi kwenye nusu ya ubao na nusu ya kitambaa, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha kirudishe kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Shimo au bonde lolote likandamizwe mpaka chini kabla ya kupita. Ukiliruka ukatarajia kulirudia, kitambaa kitakuwa kimekaza juu yake kama ngozi ya ngoma na hakitashuka tena. Kisha fanya nusu ya pili.

5. Geuza kingo kwa nyuma, uzigundishe, acha ubao ulale bapa kwa saa 24, ndipo utoboe matundu na kuurudisha.

Viti, hatua kwa hatua

1. Toa kiti kimoja, ukikamilishe, ndipo utoe cha pili. Kiti ambacho hakijaguswa ni picha bora kuliko picha zote za simu. Bolti zilizoshikwa na kutu zimwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, kwa kuwa bolti ikikatikia sakafuni itakugharimu muda kuliko kava lenyewe.

2. Geuza kiti, upige picha mahali pa kila pete, kisha zikate. Usizinyofoe, zitachana ukingo. Ndani ya mikunjo ya kava utakuta waya mrefu uliopitishwa katika pindo. Huo ndio unaovuta kava kwenye mabonde ya kiti. Utoe na kuutunza, kwa maana urefu na mpindo wake vimetengenezwa kwa kiti hicho.

3. Kabla ya kufumua kava, andika juu ya kila kipande namba yake, mshale wa kuelekea mbele, na vikato vinavyovuka mshono. Ikiwa kiti kina nusu mbili zinazofanana, fumua nusu moja tu na uiache ya pili ikiwa nzima. Utakapokuwa umeshika vipande viwili usijue kipi hushonwa kwanza, nusu ile nzima ndiyo itakayokujibu.

4. Kagua fremu. Springi iliyokatika ibadilishwe, kutu isuguliwe, na chuma kilichopasuka kichomelewe, si kufungwa kwa waya. Juu ya springi tandika gunia jipya ulifunge kwa pete. Bila gunia, springi zitaila sponji kutoka chini, kiti kikazama wakati kava bado ni jipya.

5. Rekebisha kiini cha kiti. Magari kadhaa ya zamani, likiwamo Beetle, yana matabaka ya manyoya au nyuzi za nazi zilizoshikanishwa kwa mpira. Kama hayajasagika, yabakize, uyafunike tu kwa sponji nyembamba. Ukinunua sponji mpya, tofautisha uzito na ugumu, kwani ni mambo mawili. Uzito, unaohesabiwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo, ndio unaoonyesha itadumu kiasi gani. Ugumu ni jinsi inavyobonyea ukiikalia. Sponji ngumu lakini nyepesi hupendeza dukani ikachoka mapema. Kwa kitako chagua nzito. Kwa mgongo waweza kuchukua laini zaidi.

6. Tengeneza violezo. Piga vipande vilivyofumuliwa pasi ya mvuke mpaka vilale bapa, uvichore kwenye karatasi ngumu. Usiamini mstari wa kipande kuukuu bila kuupima: sehemu ya katikati ya kitako imetanuka kwa kukaliwa, na kingo zinazopigwa na jua huenda zimesinyaa. Linganisha kushoto na kulia, weka kiolezo juu ya sponji yenyewe, rekebisha, kisha ongeza nafasi ya mshono ya milimita 12 pande zote.

7. Kata. Ngozi bandia kwa kawaida huuzwa kwa upana wa sentimita 137. Ivute kwa urefu na kwa upana ujue ni upande gani unaonyumbuka zaidi, kisha panga vipande vyote vya aina moja vielekee upande mmoja. Kwa kitambaa chenye vinyweleo, mwelekeo ni ule unaolala ukipapasa kutoka nyuma ya kitako kuja mbele. Kwa ngozi halisi, zungushia chaki makovu na matundu yote kwanza. Sehemu ya mgongo wa mnyama, iliyo ngumu na isiyotanuka, itumike kwa kitako na mahali pa kuegemea, na ile ya tumboni ibaki kwa vipande vya nyuma visivyobeba uzito. Pini zisiingie kwenye ngozi ya aina yoyote, kwa sababu tundu halifungiki, tumia vibanio.

8. Shona kwa mpangilio huu: kwanza michirizi ya kati, yaani mistari ya mishono inayokigawa kipande cha kati, pamoja na sponji yake nyembamba, kisha paipingi kwenye kingo za kipande cha kati, kisha kuta za pembeni, na mwisho pindo za waya. Urefu wa mshono uwe milimita 3.5 hadi 4. Mishono iliyokaribiana mno hugeuza ngozi kuwa mstari wa matundu, nao huchanika hapo hapo mtu anapokaa. Panapopinda, kata nafasi ya mshono vijikato ili ilale. Michirizi hula upana: pima kipande cha kati tena baada ya kukishona, na ukikate kwa kiolezo wakati huo, si kabla.

9. Jaribu kava likiwa ndani nje juu ya sponji. Mishono ikikaa juu ya kingo za sponji kila mahali, ligeuze. Isipokaa, fumua sasa.

10. Valisha. Funika sponji kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili kava liteleze, lipashe moto kidogo, ulivishe kuanzia pembe za mbele. Funga pete za mabonde ya kati kwanza, kisha ukingo wa mbele, wa nyuma, na pande mwishoni, ukibadilishana kushoto na kulia. Ng'oa plastiki kabla ya kufunga upande wa mwisho, isije ikanung'unika kila mtu akikaa. Maliza kwa mvuke au hewa ya moto, ukisukuma mikunjo kwa kiganja kuelekea mishono. Kwa ngozi bandia shika joto mbali, kwani nakshi yake hufutika ikazidi moto na hairudi.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Dari ya fito ina mikunjo ya mshazari.* Mstari wa katikati umehama. Kuvuta zaidi kwenye mkunjo hakusaidii. Pasha moto gundi ya upande ule, bandua, rudisha mstari mahali pake, vuta upya kwa kufuata mishono.

*Mikunjo midogo iliyobaki baada ya gundi kukauka.* Pitisha hewa ya moto kwa umbali wa sentimita 20 hivi bila kusimama mahali pamoja. Ngozi bandia husinyaa kidogo ikanyooka. Kitambaa kinyunyizie mvuke.

*Madoa meusi kwenye dari ya ubao.* Gundi ilikuwa nyingi au ilibandikwa ikiwa mbichi, ikapenya sponji. Doa halitoki, badilisha kitambaa, na safari hii puliza tabaka mbili nyepesi badala ya moja zito.

*Viputo vinavyotokea gari likikaa juani.* Ama vumbi lilibaki, ama gundi haistahimili joto. Kimoja kikiwa kidogo, ingiza gundi kwa sindano ya bomba. Vikiwa vingi, anza tena.

*Fito zinagonga gari likitembea.* Ncha zimelegea matunduni. Zizungushie utepe wa kitambaa ulio na gundi kabla ya kuzirudisha.

*Cherehani inaruka mishono.* Badilisha sindano kwanza. Ama imechakaa, ama ni ya aina isiyofaa kwa unachokishona.

*Vitanzi chini ya mshono.* Hapa wengi hukaza bobini, na kosa liko juu: uzi wa juu haukupita vizuri katika diski za mkazo. Utie upya mguu wa kukandamizia ukiwa umeinuliwa.

*Kava limelegea ingawa vipimo ni sahihi.* Sponji imepungua unene. Usikate kava, ongeza tabaka la pamba ya poliesta kati ya sponji na kava.

*Paipingi inayumba kama mstari uliochorwa bila rula.* Ilishonwa ikiwa imevutwa. Fumua sehemu hiyo, iache paipingi ilale yenyewe bila kuvutwa, ulinganishe vikato kila sentimita 10, na ushone polepole ukisimamisha sindano ndani ya kitambaa kila unapogeuza kona.